Majani ya Maboga Hatuli

Kwetu majani ya maboga hatuli. Nimekulia Kihesa, Iringa, ambako mboga hiyo ikiungwa kwa karanga watu wanasahau nyama, na mimi nikienda kwa wenzangu nilikuwa nachovya tonge kwenye chumvi kama mgonjwa. Ukiuliza nyumbani unajibiwa neno moja: mwiko. Kila ukoo una kitu chake usichokula, na huu wetu tuliurithi wanawake, mama kwa binti, kutoka kwa bibi yake bibi yangu. Huyo alitekwa vitani akiwa binti, enzi za watemi, akaletwa Uheheni, akaozwa kwa mtu asiyemjua. Jina la kwao halikubaki, wala lugha yake. Ulibaki mwiko tu.

Mwaka juzi bibi alipoanza kukataa hata uji, aliniita nitoke Mbeya ninakoishi.

"Mama," ndivyo alivyokuwa akiniita, "nikifa, upande wa baba yangu nitapokelewa, wananijua. Upande wa bibi yangu nitamwita nani? Wewe unakaa na Wasafwa na Wasangu huko, ambao Wahehe walipigana nao. Nitafutie ukoo usiokula majani ya maboga."

Nikatafuta, tena kwa hasira, maana nilimwona anakwisha. Niliuliza majirani zangu pale mtaani Soweto, Mbeya. Niliuliza wauza mboga sokoni, wakanicheka. Mwishowe nikaenda mpaka Usangu, kwa mzee anayesifika kwa kuzijua koo za pande zile. Alinisikiliza mpaka mwisho, masikini, bila kunikatiza.

"Watu wana mwiko wa nyama, wa ndege, wa samaki," akasema. "Majani ya maboga ndiyo yaliyotuvusha wakati wa njaa, nani angeyakataza? Mwanangu, huo si mwiko. Mmedanganyana."

Nilirudi Iringa mikono mitupu. Njiani nilipanga kumtajia bibi ukoo wowote ule, afe ametulia. Nilipoketi kitandani kwake akanitazama, nikashindwa. Nikamwambia kama nilivyoambiwa.

Akasema kwamba alipokuwa mtoto, yule bibi yake akisikia harufu ya majani yale jikoni alikuwa anatoka nje na kukaa peke yake. Siku moja bibi yangu alimfuata, akamuuliza kwa nini hali.

"Akaniambia, 'Kikapu changu kiko kule shambani. Kilikuwa hakijajaa.' Tukacheka sisi watoto. Tukasema kazeeka huyu, kikapu gani tena."

"Alikuwa anachuma, bibi?"

"Alikuwa anachuma. Waliomteka walimkuta anachuma."

Akageukia ukutani, akalia. Mwiko ule tumeufundisha watoto wetu, wengine wetu tumechapwa kwa ajili yake, kumbe hauonyeshi alikotoka. Mboga hiyo inachumwa kila shamba kuanzia Iringa mpaka Mbeya.

Bibi alikufa kabla ya mvua, bila jina la kuita. Siku ya maziko majirani walipika ugali kwa majani ya maboga, wao hawakujua. Mama yangu, niliyekwisha kumsimulia yote, akawekewa sahani. Akamega tonge, akachovya, akanitazama.

"Kwa hiyo sasa tunaweza kula?"

Alilishika tonge lile mpaka likapoa, akalirudisha kwenye sahani.