Vipuri Elfu Mbili na Mjukuu Mmoja

Asikwambie mtu, hakuna kazi kama kufunga duka ambalo lote limo kichwani mwa mtu mmoja. Mama Vipuri aliliendesha la kwake miaka ishirini na tisa, chumba chembamba kati ya fundi saa na muuza vitambaa, akiuza vifaa alivyovitoa kwenye cherehani zilizokufa. Ukutani kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga, mia mbili na ushee, na hakuna hata moja lenye maandishi. Mteja akiingia na chuma kilichovunjika, mama anakitupia jicho, anapanda kigoda, anatumbukiza mkono kwenye kopo analolijua yeye na Mungu wake, anatoka na kinachoingia. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia, "Ndiyo kazi yangu," basi, maelezo yamekwisha.

Sasa binti yake, anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi, alikuwa anakaribia kujifungua. Mjukuu wa kwanza, jamani. Mama Vipuri alitaka kwenda kukaa naye mwezi mzima, amkande, amwogeshe mtoto, amshike yeye kabla hajashikwa na majirani. Lakini duka angemwachia nani? Mafundi mtaa mzima walimtegemea, na cherehani ikilala siku mbili, sufuria nayo inalala.

Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, ndiye aliyekuja na dawa. Dada yule alifanya kazi ya kupanga maarifa mtandaoni katika maktaba ya chuo. Alisema, "Mama, tuviingize vyote kwenye tovuti. Kila kifaa tunakipa anwani yake, kisha tunaieleza kompyuta kipi kinahusiana na kipi. Baba akiandika anachotaka mteja, inamwonyesha kopo."

Baba mwenyewe, mume wa Mama Vipuri, alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu ambaye hajawahi kukaza skrubu maishani. Aliposikia anwani, akakaa vizuri kitini.

"Hapo tumeelewana," alisema. "Kitu kikiwa na anwani, kinafika."

Wiki tano walifanya kazi hiyo, kila alasiri, mkwe na kompyuta yake kwenye benchi, mama kwenye kigoda akitoa chuma kimoja kimoja. "Andika, kikombe cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, cha cherehani ya miguu. Na hiki cha mashine ya kudarizi? Ni kile kile. Hii pete? Ile ile." Mkwe akaandika kama alivyoambiwa. Angejuaje? Hiyo ndiyo lugha ya mafundi. Kwao chochote kinachokubali kuingia, hata kwa kubembelezwa na nyundo, ni kile kile.

Siku tatu kabla ya safari, tiketi imeshakatwa, wakafanya majaribio. Akaingia fundi wa sare za shule, mwanamke mwenye ulimi wake, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola, mkononi ana kikombe cha bobini kilicholika. Mama akakaa pembeni, akaziba mdomo kwa kanga asije akasema. Baba akavaa miwani, akaandika. Kompyuta ikamletea vifaa elfu mbili. Naye, karani mtiifu, akapanda kigoda akaanza kuviteremsha.

"Shemeji," alisema fundi wa sare, "nimeomba kikombe cha bobini. Hili kanyagio nilipeleke wapi?"

"Kompyuta inasema ni kile kile."

"Na huu mkanda wa mota?"

"Nao pia."

Mama Vipuri alicheka mpaka akashika mbavu. Mkwe hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona walipopotea: kikombe kilifanywa kitu kimoja na cha kudarizi, cha kudarizi na pete, pete na kanyagio, na kompyuta haikuwa na haya, ikaunganisha duka zima likawa kifaa kimoja chenye anwani elfu mbili. Alipoeleza hivyo, kicheko cha mama kikakatika.

"Basi siendi," alisema. "Mtoto nitamwona kwenye picha." Na machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya mteja, jambo ambalo halijapata kuonekana dukani mle.

Mkwe akavuta benchi karibu. Akaweka vikombe vitatu magotini kwa mama, akamwuliza kwa upole vinatofautianaje.

"Unaniuliza kana kwamba huvioni?" mama alifoka. "Hiki kinaingia chenyewe. Hiki kinaingia ukikipiga tupa. Na hiki unakitia pale tu sare zinapotakiwa kesho na huna pa kukimbilia."

"Mama, hebu rudia tena. Taratibu."

Alirudia, na mkwe akaandika uhusiano wa aina tatu mahali palipokuwa na mmoja. Anwani zilikuwepo tayari, kwa hiyo wakarudia uhusiano tu, kopo kwa kopo, mchana na usiku. Fundi wa sare akagoma kuondoka, akawa anapitisha vyuma. Baba akawa anasoma anwani kwa sauti kama yuko dirishani posta. Kufikia siku ya pili mama hakungoja tena kuulizwa. Alisema hiki kinaingia ila kitapiga kelele, kile kinaingia ila usishonee jinzi. Kuna wakati akageuka, chuma mkononi, akamwangalia mkwe wake.

"Mwanangu, mimi sikujua kwamba najua yote haya."

Saa tisa mchana, kesho yake ikiwa safari, baba akaandika tena. Kikajitokeza kikombe kimoja, na chini yake kingine, kimeandikwa kitahitaji tupa. Akapanda, akakileta kile cha kwanza. Fundi wa sare akakigeuza vidoleni, akaenda kukijaribu, akarudi.

"Mama, nenda kapokee mtoto," alisema.

Akaenda. Alimkuta mjukuu bado hajafika, akamngoja, akampokea. Kuhusu duka, simu ilikaa kimya wiki nzima, na kimya hicho, nisiwafiche, kilimuudhi kidogo. Mara tatu alimwomba binti yake aangalie kama simu ni nzima.

Siku ya nane ikalia. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumwogesha mtoto, amemlaza mapajani, anampaka mafuta kwenye mikunjo ya shingo. Binti akapokea, akasikiliza, macho yakamtoka.

"Mama, ni baba. Kuna fundi wa nchi nyingine ameikuta orodha yako mtandaoni. Ana mashine ya kushonea mahema, imewashinda mafundi wote huko kwao. Yuko kwenye laini nyingine, anataka kuongea na huyo bingwa mwenye duka."

Mama Vipuri hakuinua hata kichwa. Alikuwa anahesabu vidole vya mguu, kimoja kimoja.

"Mwambie asubiri," alisema. "Nina mteja."