Binti Yangu Alinitafsiria

Nilianguka kwenye mteremko wa Kadutu, mvua imetoka kunyesha, nikavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Hospitali, baada ya kupigwa picha ya mkono, daktari aliongea kwa muda mrefu na binti yangu, kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa changu ni cha kusalimia tu. Tulipotoka nje nikamuuliza amesema nini.

"Maman, anasema mifupa yako imekuwa myepesi. Usibebe kitu tena, usiende shamba. Ukae, kukaa njo dawa yako."

Nikakaa. Mimi niliyezoea kupanda gari la Mudaka alfajiri, nikalime maharagwe, nirudi na kitunga mgongoni! Jembe nilimpa jirani wa kule shambani, na shamba nikamwachia alilime. Nilitii kwa sababu aliyeniambia ni mtoto wangu. Kila asubuhi alinitolea kiti barazani, akaniachia wanawe wadogo na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokwisha kuiva, akaenda kwenye biashara yake ya vitenge. Wageni walinisifu: una binti anayekutunza.

Lakini mapaja yalilegea. Ikafika hatua nikawa nashika meza ili niinuke. Kanisani watu walipiga magoti, mimi nikabaki kwenye benchi kama mgeni. Usingizi ulipungua, na wajukuu nikawa nawafokea bila sababu.

Mgongo ulipoanza kuuma, binti alikuwa Kamituga kwa biashara, amekwama huko kwa matope ya barabara. Nikamwomba jirani wa mlango wa pili abaki na watoto, nikaenda hospitali peke yangu. Mtu wa mazoezi ya viungo, baba mmoja mpole, aliniambia niinuke kwenye kiti bila kushika popote. Sikuweza.

"Maman, nyumbani uko unafanya mazoezi gani?"

"Mazoezi? Docteur alinikataza."

Akanitazama, kisha akaenda kumwita daktari yuleyule. Kumbe Kiswahili anakijua, cha kukwamakwama, lakini anakijua.

"Mimi nilisema atembee kila siku," alisema. "Shambani aende, mizigo mizito tu aache. Mifupa hii ikikaa bure inazidi kuisha. Binti alinielewa vizuri."

Niliona aibu mbele yao, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganya.

Binti aliporudi, nilimngoja ashushe mizigo, anawe miguu. Nikamwambia, "Docteur alisema nitembee."

Hakukana. "Nilikuwa naogopa utaanguka tena, maman."

"Ni hilo tu?"

Akainama kufungua mzigo wa vitenge. "Na watoto je? Nani angebaki nao?"

Angeniomba, ningekubali. Ni wajukuu wangu. Ningekaa nao siku za sokoni na siku nyingine ningeenda kulima. Badala yake alichukua maneno ya daktari, akayageuza, akanifunga nayo kwenye kiti, na mimi nikamshukuru.

Sasa asubuhi naenda uwanja wa parokia. Tuko wanawake wa umri mmoja. Tunainua chupa za maji, tunasimama kwa mguu mmoja tukishikana mabega, tunachekana. Maumivu ya mgongo yamepungua. Shamba nimerudishiwa sehemu. Maharagwe yameota vizuri.

Na binti yangu tunakula pamoja, tunaongea. Bado ananiita maman kwa sauti ileile ya upole, nami naitika. Ila akiniletea salamu za mtu, hata za dada yangu wa Kalehe, natafuta simu nimpigie mwenyewe.