Gari Chini ya Turubai

Mdogo wangu Ghattas aliendesha basi la shule hapa Madaba, Jordan, mpaka nywele zikamwisha kichwani, na katika miaka yote hiyo hakuna injini iliyowahi kumdanganya. Alikuwa akisimama uani na gilasi yake ya chai, akisikia gari linapanda mlima wa kanisani, anakwambia ni la nani, linaumwa nini, na kama mwenye gari ametoka kugombana na mkewe. Binadamu hakuwasikia hivyo. Nayasema haya mimi dada yake mkubwa, mjane, ninayekaa ghorofa ya juu ya nyumba yake, na masikio yangu hayana kazi nyingine ila kusikiliza yanayosemwa chini.

Alipostaafu na kupewa kiinua mgongo chake, alitangaza mezani kwamba atanunua gari la familia, lile kubwa la juu, lenye nafasi nyuma ya kutia kila kitu.

“Familia ipi?” nilimwuliza. Binti yao ameolewa Kuwait. Chini wamebaki watatu: yeye, mkewe Wadad, na mtoto wao wa kiume, Suhail.

“Na wajukuu je?”

“Wajukuu wa nani, Ghattas? Huyo Suhail hata mchumba hana.”

“Watakuja. Gari likiwepo, watakuja.”

Suhail ni mhandisi wa umeme. Cheti chake kimetundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, na yeye alikuwa anauza makava ya simu kwenye duka la binamu yake. Jioni alikuwa anajifungia chumbani, na kupitia mlangoni tulikuwa tunamsikia akirudiarudia maneno ya Kijerumani. Sisi wote tulijua maana yake. Ghattas alisema mtoto anafanya mazoezi ya kuimba.

Baba na mwana hawa hawakuwa na mazungumzo. Walikuwa wanasalimiana, wanapeana mkate, basi. Lakini gari lilipoingia katikati, ndimi zao zikafunguka. Suhail alitaka haibridi, ile yenye injini na betri kubwa inayosaidiana nayo. Ghattas alitaka ya petroli tupu, na hapo habanduki. Kila jioni, Wadad akishaondoa sahani, vita vinaanza.

“Baba, ukikwama kwenye foleni ya Amman, petroli inaungua bure. Haibridi inazima injini, inakwenda na betri. Kimya kabisa.”

“Hicho kimya ndicho nisichokitaka. Gari inakwenda na huisikii! Ina siri gani?”

“Haina siri. Ina akili.”

“Mimi sijaomba gari yenye akili. Akili ninayo. Betri ikifa je?”

“Haifi ovyo, baba. Inataka kitu kimoja tu, iendeshwe. Ukiilaza muda mrefu, hapo ndipo inakufa.”

“Ona sasa! Hata punda hana masharti hayo.”

“Petroli itakumalizia pensheni.”

“Na betri yako itanimaliza roho. Mama Suhail, wewe unasemaje?”

“Mimi nataka kiti kisichoniumiza mgongo,” Wadad anajibu kutoka jikoni. “Hayo mengine mtachinjana wenyewe.”

Walikwenda Zarqa na gari kuukuu la Ghattas, kwenye viwanja vya magari ya kuuza, nami nikajipakia kwa sababu nyumbani kulikuwa na baridi. Magari mawili meupe yalisimama bega kwa bega, hayana tofauti ila kibandiko cha nyuma. Ghattas aliingia la petroli, akaliwasha, akafumba macho. Uso wake ulilainika, nikamwona yule kijana aliyekuwa akiiba baiskeli ya baba yetu. Suhail aliingia la haibridi, akabonyeza kitufe.

“Washa basi,” baba yake alimwambia.

“Imeshawaka.”

“Nani kasema?”

“Taa imesema.”

“Mimi siongei na taa.”

Tulirudi mikono mitupu. Wakaendelea hivyo msimu mzima wa zeituni, wakaingia nao msimu wa mvua. Mimi uvumilivu ukanishinda. Nikamfuata Ghattas uani, nikamwambia, wewe mwanamume, chagua moja tupumzike, hata maji ya kunawa mmeanza kuyapima kwa lita na kilomita.

Ghattas alitazama dirisha la mwanawe lililokuwa linawaka taa. “Dada, mwache anibishie,” akasema. “Mtu akishalichagulia gari kila kitu mwenyewe, haliachi.”

Nilielewa hapo. Hakuwa ananunua gari. Alikuwa anamfunga mtoto kamba, na hakuwa na kamba nyingine. Niliumia mpaka nikakosa tusi la kumtukana, na mimi si mtu wa kukosa.

Viza ilitoka baada ya Krismasi. Suhail alimwambia mama yake, akamwomba asiseme. Wadad alikaa na siri hiyo muda wa kuosha vyombo, kisha akamwambia mumewe. Kesho yake asubuhi Ghattas alipanda gari la abiria kwenda Zarqa peke yake, na alasiri akarudi na haibridi nyeupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusikia gari likiingia ua wetu. Nilichungulia tu nikaliona limeshafika, na nailoni za dukani bado ziko kwenye viti.

Alikuwa ameshamwita mchinjaji. Kondoo alichinjwa mbele ya gari, Ghattas akachovya kiganja kwenye damu, akakigandamiza kwenye boneti, kama ilivyo kawaida kwa gari jipya. Kisha akampa Suhail ufunguo.

“Haibridi,” akasema. “Umenishinda. Hii ni ya kwako, umeichagua mwenyewe.”

Suhail aliushika ufunguo kama ameshikishwa kaa la moto. “Baba, mimi kuna jambo…”

“Kwanza tule.”

Tukala. Ghattas hakumpa kijana nafasi hata ya kumeza. Kila Suhail akifungua mdomo, baba yake anamsukumia nyama, anamwongeza mtindi juu ya wali, anamwuliza kuhusu breki. Majirani walikula, wakapongeza, wakaondoka. Sinia ikabaki na mifupa.

“Baba, nimepata kazi Ujerumani. Naondoka mwezi huu.”

Ghattas alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. “Na gari?”

“Gari ni ya familia, baba.”

“Familia ndiyo hiyo inayoondoka.”

Safari ya kwanza ya maana ya gari lile ilikuwa ya uwanja wa ndege. Mimi sikwenda, miguu yangu na mimi tumetengana zamani. Nilikaa nikitega sikio wanarudi lini. Nilipochoka kutega nikatoka kibarazani, nikawaona wako chini uani, ndani ya gari, sijui tangu saa ngapi. Wadad anafuta macho kwa ncha ya shali. Ghattas ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama ukuta.

Sasa, Wadad na mumewe wana sebule ya wageni. Makochi yake yana nailoni tangu harusi yao, mlango unafungwa kwa ufunguo, na hakuna anayekaa humo ila padri, wachumba na watu wa msiba. Sisi ndivyo tulivyo, kizuri tunakifungia. Gari nalo likaingia daraja hilo. Ghattas alinunua turubai nene la kijivu, akalifunika mpaka magurudumu, akalifunga kwa kamba. Nailoni za viti hakuzitoa. Sokoni na kanisani alikwenda na gari lake kuukuu, lile linalokohoa.

“Unaliweka la nini?” nilimwuliza.

“La Suhail. Pasaka anakuja, alikute jipya.”

Suhail alikuwa anapiga simu Jumapili, kwa mama yake. Wakishazungumza wakalia wakacheka, Wadad anamsogezea mumewe simu.

“Hujambo, baba?”

“Sijambo. Wewe?”

“Mzima. Haya, baba.”

“Haya.”

Basi. Ghattas anairudisha simu, anakwenda uani kukaza kamba za turubai ambazo hazikulegea.

Jumamosi kabla ya Pasaka, Wadad na mimi tulikuwa jikoni tunajaza tende kwenye vile vikeki vya sikukuu, mikono yetu unga mtupu. Suhail alikuwa afike kesho yake. Ghattas alivaa shati jipya, akalivua gari turubai, akaingia, akabonyeza kitufe. Likakaa kimya. Lakini lile gari siku zote lilikuwa kimya, kwa hiyo mdogo wangu, aliyekuwa akizijua injini zote za Madaba, alikaa pale amefunga mkanda, anangoja, hajui kama limewaka au limekufa. Nilimwona kutoka dirishani na nikacheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Alipojua, akapiga simu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza yeye kumpigia mwanawe. Aliweka sauti ya nje, tukatoka kusikiliza.

“Suhail, gari yako haiwaki.”

“Umeiendesha lini mara ya mwisho?”

“Tulipokupeleka uwanja wa ndege.”

“Baba, nilikwambia inataka kuendeshwa. Nilikwambia kabla hujainunua.”

“Uliniambia yote ya gari. La kwako ndilo hukuniambia.” Ghattas alikohoa, akaigeuza sauti. “Sasa tutakupokea kesho na nini? Na ile kuukuu?”

“Baba… siji. Wamenibadilishia zamu. Nilitaka kumwambia mama kwanza.”

Wadad alikaa chini pale pale kwenye ngazi, na unga wake mikononi. Mimi nilirudi jikoni nikavikanda vile vikeki vilivyobaki kwa nguvu mpaka vikaharibika. Ndipo tukasikia sauti ya Suhail kwenye simu, imekuwa nyepesi, kama ya mtu aliyepata pa kukimbilia.

“Baba, upo? Hebu fungua mlango wa nyuma. Kuna betri ndogo chini ya zulia, upande wa kulia. Unaiona?”

“Naiona.”

“Ina kutu?”

“Ngoja nivae miwani.”

Hapo ikaanza. Kila jioni, Suhail akitoka kazini, simu inalia, na safari hii inalia mfukoni mwa Ghattas. Anakwenda kukaa kwenye kiti cha dereva, juu ya nailoni, simu kwenye dashibodi. Mimi juu kibarazani sikuwa na haja hata ya kutega sikio.

“Nimeitia chaji kama ulivyosema. Taa nyekundu zimewaka zote, kama harusi.”

“Ya umbo la kasa, ya gari kukosa nguvu, ipo?”

“Kasa, sungura, wote wapo! Ningenunua ya petroli, ningeisukuma mlimani ingeshawaka!”

“Ungeisukuma na nani? Na shangazi?”

“Shangazi yako ana nguvu kuliko betri yako!”

Nikamsikia kijana akicheka kutoka huko aliko, na baba yake akicheka uani. Siku nyingine mazungumzo yalitoka nje ya gari kabisa. Suhail alisema mvua haikatiki, chumba chake kinatazama ukuta, anapika dengu kila siku na hazimwivii. Ghattas akamwambia atie bizari ya pilau mwishoni, si mwanzoni. Ndugu yangu, ambaye sijawahi kumwona akishika mwiko! Wadad alikuwa anasimama nyuma ya mlango na taulo la vyombo, anasikiliza, hatoki, asije akawakatiza.

Kisha ikabidi aletwe fundi wa betri kutoka Amman, maana Wadad alichoka kusikia majirani wakiuliza. Fundi alibadilisha betri ndogo, akaishughulikia ile kubwa, gari likapona. Ghattas akampigia mwanawe palepale.

“Imewaka.”

“Umejuaje?”

“Taa imesema.”

“Hongera, baba! Sasa uwe unaiendesha, sawa? Hata kwenda dukani tu.”

“Sawa.”

“Haya, baba.”

“Haya.”

Jioni iliyofuata Ghattas alikaa kwenye kiti cha dereva, simu kwenye dashibodi. Haikulia. Jioni ya pili akaizima na kuiwasha simu, labda ina hitilafu. Jumapili ikalia ya Wadad, wakazungumza wakalia wakacheka, akamsogezea.

“Hujambo, baba? Gari inakwenda?”

“Inakwenda.”

“Haya, vizuri.”

Niliona uso wake aliporudisha simu, na natamani nisingeuona.

Aliendesha gari lile wiki kadhaa, kama alivyoagizwa. Alikwenda nalo mpaka njia ya Ma'in na kurudi, viti vyote vya nyuma vitupu, hana anachokwenda kuchukua. Kisha juzi, jua linazama, nilimwona anatoka stoo na lile turubai la kijivu. Alilikunjua juu ya paa taratibu, akalivuta upande huu na upande huu. Wadad alitoka na taulo lake la vyombo.

“Baba Suhail, unafanya nini? Umeambiwa ikilala inakufa.”

“Nimesikia.”

“Itakufa tena!”

Ghattas aliinama, akafunga kamba ya mwisho, akakaza fundo kwa meno.

“Ikifa,” akasema, “atapiga.”