Ncha Laini, Mgongo Mgumu

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu: siku baba yangu alipogeuka samaki ndani ya duka la vifaa vya kuvulia, mtaa wa Ghubra. Kaa nikuhadithie, chai bado ina moto.

Nilikuwa biharusi bado, nimeolewa Al Amerat, nyuma ya milima, nasomesha skuli moja ya Madinat Sultan Qaboos. Kazi yangu nikiipenda, nisikufiche. Mama mkwe akaona ile njia ya milimani kila siku inanichosha, na nyumba inabaki haina mtu, akataka niache. Mimi nikaitika. Nilikuwa mtu wa kuitika tu. Kila nikiambiwa neno nasema "ndiyo, Mama", kisha nakwenda kulia chooni. Mume wangu hakutaka kuingia baina yetu, na wiki ile ile ilikuwa niende skuli nikaage.

Baba hakuniuliza kitu. Alinambia nifuatane naye kuchagua fimbo ya kuvulia. Ujanani alisoma nchi za mbali, mji wenye ziwa, na huko walimfundisha kumvua besi, samaki wa maji baridi anayejificha chini ya mayungiyungi. Chambo chake ni chura wa mpira. Unamrusha juu ya majani, unamchezesha, mpaka samaki apande amdake. Rafiki yake wa masomo alikuwa amemwita tena kule ziwani, na Baba, kwa kuchagua kwake, hakutaka kwenda kuvulia fimbo ya kuazima.

Mimi nikaipenda moja nyembamba, nyekundu, inapinda vizuri. Baba akafunga uzi kwenye ncha, akanipa mpini, akaushika ule uzi na kuanza kurudi nyuma baina ya rafu.

"Mimi samaki," akasema. "Nnaingia majanini. Nizuie."

Nikavuta. Fimbo ikapinda mpaka mkononi kwangu, na mzee wa watu, na kanzu yake na kofia yake, akazidi kwenda mpaka akafika mlangoni. Mwenye duka akacheka, na mimi nikacheka. Baba hakucheka.

Akachukua nyingine, ngumu kama mpini wa fagio. Hii itamtoa samaki, akasema, lakini chura hatoruka mbali wala hatocheza juu ya maji, basi huyo samaki mwenyewe atatoka wapi? Ya tatu ndiyo aliyoikubali. Ncha yake inainama kidogo, lakini ukiteremka upande wa mpini, mgongo wake unakataa kupinda. Akauvuta uzi tena, na mara hii akakwama pale pale.

"Ncha laini ni adabu," akanambia, "na adabu tumekufundisha. Mgongo wako uko wapi, mwanangu?"

Nikajua mama yangu mzazi, niliyemlilia, ameshamwambia. Nilitahayari, machozi yakanitoka mbele ya ndoana za watu. Tulipokuwa garini akaniongezea neno moja: samaki akimrukia chura, usivute kwa kusikia mshindo wa maji. Ngoja uuhisi uzito wake, ndipo uvute, na ukishavuta usilegeze.

Jioni ile nikakaa kunywa kahawa na mama mkwe. Akaanza habari ya kazi. Nikamwacha aseme mpaka amalize, maana heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kisha nikamshika mkono.

"Mama, nakupenda, na nyumba hii ntaitunza. Lakini kazi siachi."

Alichukua kikombe chake akaingia chumbani, nikabaki na khofu yangu. Asubuhi, natafuta ufunguo wa gari niende skuli, nikaukuta mezani, na kando yake chupa ya chai na mandazi yaliyofungwa kwa kitambaa. Fundo lile nalijua, la mama mkwe. Niliyala njiani, huku nalia na kucheka.

Basi, mwanangu, na wewe karibu utaingia nyumba ya watu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, ni kweli, lakini akishatoka lazima uwe unajua unataka nini. Usiwe mgumu toka ncha mpaka mpini, watu watakukimbia. Wala usiwe laini mwili mzima, watakuburura mpaka mlangoni na huku wanakusifu kwa tabia njema. Sikiliza mpaka mwisho, kisha neno lako liseme mara moja, kwa upole, na usilirudishe.

Mungu akupe ulimi mtamu na mgongo usiopinda, na akujaalie mkwe wa kukufungia mandazi. Amin.