Yai Lililoelea

Mabata bukini wa bustani yetu hapa Brooklyn Center hawafukuziki. Barafu ikiyeyuka wanarudi ziwani, na kufika Juni huna pa kukanyaga kwa mavi. Nilianza kusoma habari zao kwa udadisi tu. Kilichonishangaza ni dawa yenyewe: watu wa bustani hawayachukui mayai, kwa kuwa jike akikuta kiota kitupu hutaga mengine. Wanayapaka mafuta ya mahindi. Mafuta huziba vitundu vya ganda, yai halianguliwi, na jike huendelea kuatamia bila kujua. Nikajiandikisha kujitolea.

Nilipangwa pamoja na dada mmoja Mkenya, nesi, ninayesali naye. Yeye alimzuia dume kwa mwavuli uliofunguliwa. Mimi niliyapima mayai kwenye ndoo ya maji. Tulikuwa tumeelekezwa kwamba yanayozama hupakwa, yanayoelea hayapakwi. Sikuuliza sababu, maana nilidhani naijua. Mama yangu, kule Iringa, alipima mayai ya kuku hivyohivyo, na lililoelea lilikuwa viza. Aliliondoa mapema lisije likapasukia mengine.

Kwenye matete kulikuwa na kiota chenye mayai matano. La kwanza likaelea. Nikalichora msalaba kwa penseli upande wake butu, nikaliweka kando kwenye tope baridi. La pili nalo likaelea. La tatu pia. Kiota kizima kiwe viza? Nilibaki nikitazama ndoo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

"Mwalimu, mbona unayatenga?" nesi akauliza. Ananiita hivyo kwa sababu ya vitabu vyangu.

"Haya mabovu, dada."

"Mabovu aje? Yanaelea kwa sababu yana watoto ndani. Kifaranga akikua, hewa ndani inaongezeka. Ndio maana tunayaacha. Rudisha haraka, huyu ataniua."

Alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua, dume akiung'ata mwavuli.

Niliyarudisha yote, nikayafunika kwa manyoya ya kiota. Lile la msalaba lilikuwa limepoa kama jiwe.

Garini nilimuuliza kama litapona.

"Si ulikuja kuwapunguza? Sasa unamlilia mmoja."

"Kuzuia asiumbike ni jambo moja. Huyu alishaumbika."

Alisimamisha gari mbele ya kwangu. "Mama yao atalipasha moto," akasema. "Labda."

Kwa siku kumi na moja nilipita pale kila nilipotoka kazini, nikasimama mbali na daftari langu. Jike alikuwa amelala tu, sikuwa na la kuandika. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili familia ilikuwa majini. Nilihesabu vifaranga: wanne, watano, tena wanne, hawakutulia, walipitana nyuma ya mama yao.

Nikaenda kwenye kiota, nikayapekua maganda. Kipande chenye msalaba kilikuwepo, kama kifuniko kidogo. Ukingo wake ulikuwa umedonolewa kutoka ndani, nukta kwa nukta, mduara karibu mzima. Nilikigeuza mara kadhaa, kisha nikakirudisha nilipokikuta.

Nikampigia nesi simu.

"Hongera, Mwalimu," akasema. "Mwaka ujao ukikanyaga mavi pale, usilalamike. Ni ya mtoto wako."