Kwenda Dimani Kuomba Ruhusa ya Kuanguka

Salma, msanii wa jukwaani jijini Dar es Salaam, alikuwa ametunga onyesho kuhusu shangazi yake. Zamani, huko Dimani wilayani Kibiti, shangazi huyo aliugua akapigiwa ngoma ya pepo, na Salma, wakati huo mtoto, alimwona akianguka. Ukubwani alisoma vitabu vya anthropolojia kuhusu ngoma hizo, akafanyia mazoezi kule kuanguka mpaka viwiko vikachubuka. Onyesho lilipokaribia, akasita.

"Da Rehema, shangazi akikataa, nalifuta," aliniambia. Nilikuwa naandika habari za onyesho hilo, nikafuatana naye.

Asubuhi tulipanda basi Mbagala.

Kibiti tulinunua sukari na doti ya kanga, tukachukua bajaji. Mvua ilikuwa imenyesha. Penye matope tulishuka tukasukuma.

Dimani, shangazi yake, Bi Asha, alitupokea kwa chai na mihogo. Alipoelezwa tulichofuata, alicheka. "Haya, nijione nilivyokuwa."

Salma alitandika mkeka uani, akatikisa mabega, akaanguka chali. Kuku wakatawanyika. Bi Asha hakucheka tena.

"Nani kakushika?"

"Hakuna, shangazi. Ni onyesho la mtu mmoja."

"Basi huyo si mie. Mie nilishikwa. Mamako alikaa nyuma yangu tangu ngoma inaanza, mpaka miguu ikamfa ganzi. Leo uniangushe peke yangu mbele za watu, waseme sikuwa na ndugu?"

Salma alijikung'uta mchanga. Alisema siku ile alisimama mbele. Hakumwona mama yake kule nyuma.

Bi Asha akanigeukia. "Na bibie huyu, kazi yake kuandika tu?"

Niliweka kalamu chini. Alinikalisha nyuma ya Salma, akaniwekea mikono chini ya makwapa yake. "Usimbane. Akitaka kuinuka, mwache."

Mara ya kwanza Salma alijizuia kwa kiwiko.

"Hajakuamini," Bi Asha alinitania. "Anaogopa utamwandika."

Mara ya pili alikuja mzima mzima, kichwa kikatua kifuani pangu.

"Hivyo, nimeridhia," akasema Bi Asha.

Kwenye basi la kurudi Salma alimpigia mama yake simu. "Mama, kweli miguu ilikufa ganzi?" Kisha akawa anasikiliza tu, mpaka tukapita Mkuranga.

Siku ya onyesho tulikuwa wawili jukwaani, mimi nimekaa nyuma yake. Safari ile ilinifunza kwamba mtu aliyelegea ni mzito kuliko anavyoonekana, na uzito huo watu walio mbele hawauoni. Walimtazama Salma tu. Taa zilipowashwa alininyooshea mkono ili niinuke. Nilimwomba asubiri kidogo. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.