Kamera Iliyolazwa Ubavu

Dalmas, mpiga picha wa mtaa wa Nyalenda, hakujua kutulia. Hata akiwa kwa kinyozi, kidole chake kilizungusha mpini wa kamera isiyo na filamu, mpaka kinyozi akamuuliza kama amekuja kunyolewa au kusaga unga. Kamera yenyewe ilikuwa sanduku jeusi la lenzi mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Haikuwekwa jichoni. Ilining'inia kifuani, naye aliinama kutazama kioo kilichokuwa chini ya kifuniko cha juu, hata watu matangani wakamsifu kwa adabu zake.

Mwaka 1971, Ouma, mfanyakazi wa bandarini, alipofariki, kaka yake Enos alimwita Dalmas nyumbani kwao, upande wa Maseno, apige picha za jamaa kando ya jeneza. Asubuhi ya maziko mwanamke aitwaye Metrine akamvuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameishi na Ouma kule Nyalenda miaka mingi, wakazaa watoto wawili. Lakini alikuwa Mbukusu, si Mjaluo kama Ouma, na ukoo ulisema haumjui.

"Nipige nikiwa karibu naye," alimwambia. "Hawa watoto wakikua wataambiwa mama yao hakuwepo."

Enos naye alikuwa ameshatoa amri: mwanamke yule asionekane pichani hata kivuli.

Dalmas alizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliita jamaa kikundi kwa kikundi, mama mzazi wa Ouma akiwa ameegemea jeneza. Akapiga, akazungusha mpini, akapiga tena. Filamuni ikabaki picha moja. Kwa nini mwanamke aliyemuuguza marehemu afutwe na watu waliojitokeza jana tu kwa maziko?

Metrine akasogea, akaweka mkono juu ya jeneza. Enos, aliyesimama nyuma yake kwa mbali, hakumwona, macho yake yote yalikuwa yakimchunga Dalmas. Kwa Enos, mpiga picha humtazama anayempiga. Basi Dalmas akawageukia waimbaji wa kanisa waliokuwa wameanza wimbo, akainua kamera hadi usoni, akailaza ubavu, lenzi zikielekea jeneza lililokuwa kushotoni kwake, akapuliza ndani ya kifuniko kama anayetoa vumbi. Kiooni Metrine alining'inia kichwa chini, miguu juu. Akafyatua. Kamera ile haikuwa na kishindo. Ilisema tik tu, wimbo ukaimeza.

Lakini kidole, kwa tabia yake ile ile, kikazungusha mpini papo hapo.

Enos alikiona, akajua kuwa mpini huzungushwa picha ikishapigwa, na sasa akauona mkono wa Metrine juu ya jeneza. Akaja akashika mkanda wa kamera. "Umempiga. Fungua hilo sanduku."

"Nikifungua, mwanga utachoma zote, Bwana Enos. Na ya mama yako pia."

Mama mzee akainua kichwa, akauliza kwa Kijaluo ni picha gani zinachomwa. Enos alishikilia mkanda mpaka wimbo ukaisha, kisha akauachia.

Picha zilipokauka Dalmas hakuweza kumngoja Metrine aje studio. Alimkuta kwenye bomba la maji, akifua. Metrine akajifuta mikono kwenye leso, akaitazama picha kwa muda mrefu: yeye, mkono wake, jeneza, na nyuma yake Enos akikodolea lenzi macho.

"Na huyu, huwezi kumkata?"

"Muache, mama. Ndiye shahidi wako."

Metrine akaguna, akaita watoto waje waone.